Mahali Penye Mtandao

Siku trafiki waliponisimamisha Korogwe, kwenye buti ya gari nilikuwa na mchele, sukari, tende na kanzu mpya ya baba. Ramadhani ilikuwa ukingoni. Nilitoka Dar asubuhi nikielekea nyumbani Kwaluguru, nikapita Old Korogwe kwa rafiki yangu mmoja, nikasema nikae kidogo jua lipungue. Jua lilipungua, chupa zikaongezeka, na jioni, saa ambayo wenzangu wanakoroga uji wa futari, mimi nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikishwa mbuzi wa watu.

Askari alinipa kile kidude nipulize. Nikapuliza. Akakitazama, akanitazama, akauliza kazi yangu. Nikasema mkulima. Mimi, rubani wa ndege ndogo za abiria, ambaye kijijini kwetu ndege yoyote ikipita juu watoto hupunga mikono wakidhani ni mimi, nilijiita mkulima. Nikawavunjia heshima hata wakulima, maana baba yangu ni mkulima na hajawahi kupulizishwa kidude cha mtu. Askari alifungua buti, akaikunjua ile kanzu, akauliza ni ya nani. Nikasema ya baba. Akaikunja vizuri kuliko nilivyoikunja mimi, akairudisha mahali pake.

Nililala mahabusu. Mahakamani nilikiri, nikalipa faini, nikazuiwa kuendesha gari. Idi ile baba aliswali na kanzu yake ya zamani. Nilipoachiwa nilimpigia nikamwambia nilipata safari ya ghafla ya kazi, naye akasema, "Mungu akulinde huko juu, mwanangu." Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la stendi, nanuka.

Sasa, rubani hata awe hodari vipi, bila cheti cha afya hagusi ndege. Cheti hicho kina mwisho wake, na kikiisha unakwenda kwa daktari maalumu wa marubani anakupima kuanzia macho mpaka mkojo, kisha anakuuliza maswali. Mojawapo ni kama umewahi kutiwa hatiani kwa ulevi. Changu kilikuwa kinakaribia kuisha, na mwajiri wangu alishapata habari kabla sijafungua mdomo. Daktari wangu alikuwa mama wa makamo, mtu asiyepaza sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hanifungii wala hanifungulii.

"Kaa nusu mwaka bila tone," akaniambia. "Utapimwa damu mara kwa mara, utaonana na mshauri, na mwisho nitaongea na mtu anayeishi na wewe. Damu inaniambia ya juzi. Mtu wa nyumbani ananiambia ya siku zote."

Nikifaulu, narudi kazini. Nikishindwa, ndiyo basi, maana kwa umri wangu hakuna mwajiri atakayekaa ananisubiri wakati vijana wenye vyeti vipya wamejaa mlangoni kwake. Kurusha ndege ndicho kitu pekee ninachokijua vizuri hapa duniani. Mke tulishaachana, na pombe ilikuwemo katika sababu. Kwa hiyo mtu wa kuishi naye alikuwa mmoja tu, baba, mjane, muadhini wa msikiti wetu mdogo pale Kwaluguru tangu mimi sijaota meno.

Nilifika nyumbani nikamwambia nimepewa likizo ndefu. Akashukuru Mungu. Akanionyesha shamba la mahindi, akanipa jembe, akasema likizo ya mtu mzima ni kubadilisha kazi tu. Kanzu nikampa, nikasema ni ya Idi iliyochelewa.

Basi nikaanza kujiandaa kwa mtihani wa afya, kwa siri, chini ya pua ya mtu aliyenizaa. Alfajiri, baada ya swala, nilikimbia barabara ya vumbi hadi mwisho wa mashamba na kurudi, na wanawake waendao kisimani waliniuliza kama kuna mtu ananifukuza. Niliacha chumvi nyingi kwa ajili ya presha. Nilisoma namba ndogo kwenye mfuko wa mbolea kwa jicho moja, kisha jingine. Nilipopalilia nilifanya mazoezi ya majibu, nikiueleza mmea mmoja wa mahindi baada ya mwingine kwamba nimebadilika. Kila baada ya wiki kadhaa nilikwenda Korogwe kutoa damu na kuonana na mshauri, muuguzi mwenye subira ambaye nilimchukia kwa sababu alikuwa ananiuliza mambo ya maana. Baba nilimwambia nafuatilia mambo ya kazi. Hakuuliza mambo gani. Mimi nina hasira za karibu, na siku nyingine nilitamani aulize ili nipate cha kugombea.

Aliyekuwa akiuliza ni mtani wangu. Huyu ni mama mmoja Mnyamwezi, amenizidi umri kidogo. Babu yake aliletwa manamba kukata mkonge, mashamba yakafa, ukoo ukabaki hapa kwetu. Anauza maandazi mkabala na msikiti. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu zamani, kwa hiyo ana ruhusa ya kunitukana mchana kweupe, na mimi vilevile. "Wewe Mzigua," alikuwa akiniambia nikipita, "ndege imekutupa au umeitupa?" Namjibu kwamba Mnyamwezi anaijua ndege akiiona imechorwa kwenye khanga. Tunacheka, naondoka na maandazi mawili ya bure. Nilimpenda sana kwa hilo, maana ndiye pekee aliyenigusa penye kidonda na nikaweza kucheka.

Halafu ikaja Vugiri.

Nilipanda kule milimani kwenye harusi ya binti wa rafiki yangu. Nilikwenda na soda zangu mbili, nimejiandaa kama mtu anayekwenda vitani. Wazee wa bibi harusi walikaa kando na boha, ile pombe ya miwa, na mmoja wao akanyoosha kata kwangu, akasema rubani aonje kidogo, ni heshima tu. Ningeweza kusema nina dawa natumia. Ningeweza kusema mimi Mwislamu, na hilo tu lingetosha. Nilisema, "Kidogo tu, mzee." Kidogo hicho kiliisha jua likielekea kuzama, na sikumbuki vizuri bodaboda ilinishushaje mlangoni.

Asubuhi nilijikuta kitandani, viatu vimepangwa pamoja ukutani. Baba alikuwa ameshatoka. Nilipomkuta shambani alisema tu kwamba mvua inakuja, tuwahi upande wa chini. Nikamshukuru Mungu kwamba mzee hakugundua. Damu nilikuja kuitoa Korogwe siku nyingi baadaye, ikatoka safi. Ini langu lilinitunzia siri, na mimi, kwa aibu ninayoijua leo, nililipongeza.

Muda si mrefu akafariki jirani yetu, mzee wa makamo. Wakati wa mazishi watani wakafanya kazi yao. Wanaojua msiba wa kwetu wanajua: mtani anaweza kulala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe chochote, anaweza kuvaa koti la marehemu na kutembea kama yeye, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Ukikasirika, wewe ndiye mkosaji.

Mtani wangu alimaliza kumwigiza marehemu, kisha akageuka akatutazama sisi tuliosimama na majembe. Akanyoosha mikono kama mbawa. Akaanza kutembea akiyumba, mguu mmoja unakwenda Handeni, mwingine Korogwe. "Abiria fungeni mikanda," akasema kwa sauti ya pua. "Rubani wenu ametoka Vugiri. Kiwanja anakiona viwili, ngoja achague kimoja."

Watu walivunjika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote. Hapo ndipo lilipokuwa kosa langu, na nadhani ni kosa la mtu wa kwetu tu. Nilijiambia kwamba limeshasemwa na mtani, basi limekuwa mchezo, halina tena uzito. Hakuna atakayelichukua akalipeleka mahali. Nilijiona kama nimeoshwa. Nikamtazama baba, naye alikuwa anacheka, kisha akaipangusa midomo yake kwa kilemba na kuangalia kaburi.

Jioni tulikaa uani tunapukuchua mahindi. Akasema bila kuniangalia, "Lile la Vugiri."

"Utani tu, baba."

"Mtani anachekesha, hadanganyi." Akatupa gunzi kwenye kapu. "Mimi ndiye niliyekuvua viatu."

Kisha nikamweleza yote, trafiki, kidude, mahabusu, hakimu, daktari, nusu mwaka. Alisikiliza akiendelea kupukuchua. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, kama kanzu ilikuwemo kwenye gari siku ile. Nikasema ilikuwemo.

"Kwa hiyo na kanzu yangu ililala polisi," akasema.

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini aibu yangu ina ujanja, haikuninyamazisha. Nilimweleza kwamba daktari atapiga simu kuongea na mtu ninayeishi naye, na mtu huyo ni yeye. Sikumwomba adanganye. Naapa sikumwomba. Nilisema tu, "Daktari akijua habari ya Vugiri, baba, mimi sirushi tena." Nikainuka nikaenda kufungia kuku. Nikifikiria sasa, kuna namna ya kumwomba mtu huku umempa mgongo, na mimi ndiyo niliyoitumia kwa mzee wangu.

Pale kijijini kwetu mtandao ni wa kubahatisha. Nyumbani simu inashika ukiwa umesimama juu ya kinu, tena kwa zamu. Mtandao wa uhakika uko mahali pamoja tu, kwenye baraza ya msikiti, pembeni kabisa, pale pale anaposimama baba kuadhini. Watu wote hupigia simu pale, wanauza mbuzi, wanaulizia wagonjwa. Siku ya daktari nilimpeleka baba pale baada ya swala ya adhuhuri. Sikufikiri mara mbili. Nilikuwa nawaza mtandao.

Alivaa ile kanzu. Sikio lake moja ni zito, kwa hiyo siku zote huweka spika, na sauti ya daktari ikatoka kavu na kubwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Habari za huko."

Walisalimiana mpaka wakamaliza mvua na mahindi. Kisha daktari akasema, "Mzee, nitakuuliza jambo la wazi, unisamehe. Tangu kijana arudi nyumbani, umewahi kumwona amekunywa?"

Baba aliangalia ukuta. Akaweka kiganja ukutani, pale ambapo chokaa imechakaa kwa kiganja chake cha miaka yote.

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Ahsante, mzee wangu. Nimeambiwa wewe ni muadhini. Neno lako linanitosha."

Hilo la uadhini ni mimi niliyemwambia, ili aamini. Simu ikakatika. Ng'ambo ya barabara mtani wangu alikuwa na sahani ya maandazi mkononi, ameisimamisha hewani. Alisikia kila kitu. Nilimkonyeza. Akainama kuchochea moto wake.

Na mimi nilifurahi. Niseme ukweli, maana hapa nimekuja kuusema: moyo wangu uliruka. Kabla sijaona uso wa baba yangu, nilishaiona mitambo ya ndege yangu na kiti changu cha rubani, cha kushoto. Katika yote niliyofanya, pombe, polisi, uongo wa likizo, hakuna linalonitia aibu kama ile furaha.

Alasiri ilipofika, watu walikuwa wameshatawadha, wamekaa wanasubiri. Baba alikuwa safu ya nyuma. Akamgusa begani mtu aliyekaa jirani yake akamwambia, "Adhini wewe." Jirani akadhani mafua, akasimama akaadhini, akakosea mahali pawili. Magharibi hivyo hivyo. Siku ya pili hivyo hivyo. Watu wakaanza kumletea asali na tangawizi kwa ajili ya koo. Alipokea, akashukuru, akazipanga dirishani bila kuzifungua.

Ujumbe wa daktari ulikuja baada ya siku chache: vipimo vyote vizuri, njoo uchukue cheti. Nilimwonyesha baba. Akasema alhamdulillahi, akaniuliza kama nauli ninayo. Nikafunga begi. Nilipopita kwa mtani wangu nilimwanza mimi mwenyewe, nikasema leo Wanyamwezi watanikumbuka, nani atawafundisha kula kwa kijiko. Nikasubiri matusi yangu.

Akainuka, akafuta mikono kwenye khanga, akasema kwa adabu, "Safari njema, baba. Mungu akutangulie."

Mtu asiye na mtani hawezi kuelewa. Angenitemea mate ningeona nafuu. Aliniaga kama anavyoagwa mgeni, au maiti. Nilipanda gari la Korogwe nikiwa na hasira naye, nikasema moyoni mwanamke huyu ananiona nani, amenizaa yeye? Hasira hiyo ilinifikisha Sindeni. Baada ya hapo ikaisha, nikabaki mimi na begi langu.

Pale stendi ya Korogwe mabasi ya Dar yalikuwa yanaita abiria. Nilikaa kwenye benchi, na lilikuwa lile lile nililokalia nikimpigia baba nilipoachiwa, au pacha wake. Hapo mtandao haukuwa na shida. Nikampigia daktari.

"Nilikunywa," nikamwambia. "Vugiri, harusini. Mzee anajua. Alikudanganya kwa ajili yangu."

Nilisikia mtu ofisini kwake akifunga mlango. "Mbona unaniambia sasa? Cheti nimeshakisaini."

"Baba haadhini tena," nikasema.

Daktari alisema anakifuta, na nusu mwaka unaanza upya kuanzia siku ile, na kuhusu mwajiri wangu hana ahadi ya kunipa. Akasema nimwambie mzee kwamba hana kinyongo naye. Nikatafuta gari la kurudi kijijini. Kwa nauli ya Dar nilinunua mafuta ya taa na sabuni, nikarudi bila cheti.

Mtani wangu aliniona nashuka. Akasimama, akashika kiuno. "Ahaa, umerudi. Mzigua amefika Korogwe akaona magari mengi, akaogopa." Nilikwenda nyuma ya banda lake nikalia, naye akaendelea kunitukana kwa sauti ya chini huku ananikatia kipande cha andazi.

Baba nilimkuta uani. Nikamwambia nimempigia daktari, nimesema ukweli, cheti nimekirudisha kabla sijakipokea. Nilitegemea, sijui nilitegemea nini. Labda ainuke atawadhe.

Akaweka gunzi chini, akasema, "Umefanya vizuri. Wewe umepata pa kurudisha."

"Na wewe si toba ipo, baba?"

"Toba nimeshafanya. Lakini nikisimama pale na kuweka mkono ukutani, najisikia nikimwambia yule mama hapana." Akachukua hindi jingine. "Acha vijana waadhini."

Sasa hivi ninavyoandika, nusu mwaka wa pili unaelekea kuisha. Sijagusa tone. Mwajiri ameshachukua mtu mwingine, lakini daktari amesema cheti ni changu nikifaulu, kazi nitatafuta. Baba anaswali safu ya nyuma, na yule jirani hakosei tena. Chokaa pale ukutani imepakwa upya, kiganja hakionekani.

Juzi nilimwambia kwamba daktari atampigia tena, kama anakubali. Akakubali hapo hapo. Akaongeza tu kwamba simu hiyo hataipokelea msikitini, nimtafutie mahali pengine penye mtandao, hata kama ni mbali. Nikamwambia hakuna haja, baba, safari hii hakuna la kuficha, sijanywa, ni kusema ukweli tu.

"Najua," akasema. "Lakini sijui nitaulizwa nini. Na wewe ni mwanangu."

Kwa hiyo kila jioni natembea na simu mkononi kwenye mashamba ya watu, naangalia juu, natafuta.